Kitabu cha bia ya nyumbani na bidoni ya munkoyo

Rafiki mmoja wa promosheni yangu alinitumia kitabu ku simu na neno moja tu: «Soma, tutapika bia yetu sisi wenyewe.» Ni The Complete Joy of Homebrewing cha Mmarekani Charlie Papazian, kilichotoka mwaka 1984. Kiko kwa Kiingereza, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunakisoma polepole. Nimekimaliza. Ninakipenda, lakini niko na ugomvi nacho.

Nianze na mazuri. Papazian alisomea uhandisi wa nyuklia, lakini haandiki kama mhandisi anayetaka kukuogopesha. Alikuwa anafundisha watu kupika bia kule Boulder, Colorado, na inaonekana: anajua mwanafunzi anaogopa wapi. Anakuanzisha na maji mazito ya kimea yaliyotayarishwa dukani, unachemsha na hopsi, yale maua yanayoleta uchungu, unapoza, unatia hamira, unangoja. Kupika kumoja ni galoni 5, karibu litre 19, ni kusema bidoni moja ya kwetu bila kujaa. Nyuma, ukizoea, njo anakuingiza kwenye nafaka yenyewe. Na kuhusu usafi hana mchezo: kila chombo kitakachogusa bia baada ya kuchemka lazima kisafishwe na kuuliwa vijidudu. Kurasa zile ningependa zibandikwe ku ukuta wa jiko mingi za hapa.

Sasa ugomvi. Unaanza ku jina lenyewe: furaha. Ile furaha iko na sheria nyuma yake. Tarehe 14 Oktoba 1978 rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoruhusu Wamarekani kupika bia nyumbani bila kulipa kodi: galoni 100 kwa mwaka kama nyumba iko na mtu mzima mmoja, 200 kama wako wawili ao zaidi. Galoni 100 ni karibu litre 378. Lakini sharti ni moja: usiuze. Basi mwenye kupika kwa furaha, kwa maana ya kitabu hiki, ni mtu ambaye mshahara wake unatoka fasi ingine. Papazian hasemi hivyo popote, ju kwake ni kitu cha kawaida kama hewa.

Mimi nimekua ku Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, si inchi) nyuma ya nyumba ya mama mmoja aliyekuwa anapika munkoyo. Watoto wake wamesoma kwa ile munkoyo, mmoja mpaka iniversite. Hakuna mtu aliyewahi kusema ule mama iko na «hobi». Tulisema: anahangaika.

Na hapa njo kitabu kinanikasirisha zaidi, ju kazi ya ule mama, kwa upande wa sayansi, si ndogo kuliko ya Boulder. Hamira haikuli wanga, inakula sukari. Kwa hiyo kila mpishi wa bia duniani lazima ajibu swali moja: nani atageuza wanga wa nafaka kuwa sukari? Mzungu anajibu kwa shayiri: anailowesha, anaiacha iote, anaikausha. Kule kuota kunazalisha vimeng'enya vinavyokata wanga, na ukitia kile kimea ndani ya maji ya moto wa digrii 65 hivi, kazi inafanyika. Katanga na Zambia wamejibu kwa njia ingine. Wanachukua mizizi ya porini, zaidi ile ya jamii ya Rhynchosia, wanaiponda, wanaitia ndani ya uji wa mahindi uliopikwa na kuachwa upoe kidogo. Vimeng'enya viko tayari ndani ya muzizi, hakuna haja ya kuotesha kitu. Uji uliokuwa mzito unakuwa mwepesi mbele ya macho yako. Ukitia mizizi wakati uji unachemka bado, moto unaua vile vimeng'enya na uji unabaki uji. Ule mama alijua saa ya kutia bila temometa: alikuwa anashika sufuria kwa inje.

(Siongelee lutuku. Ile ni mambo ya kukamata mvuke, na hatari yake ni ingine.)

Rafiki yangu alinijibu: «Sawa, lakini munkoyo ya leo ni tamu, ya kesho ni kali, huwezi kutumainia.» Ni kweli, na hapo Papazian anatushinda. Anamwambia msomaji aandike: kiasi, joto, siku, na usomaji wa haidromita, kile kioo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki. Ule mama hakuandika. Lakini sisi tulioenda iniversite, tuliokunywa ile munkoyo kila siku ya joto, tuliandika nini? Memwari zetu zimejaa ku rafu.

Rafiki anataka kuagiza shayiri na hopsi kutoka Ulaya. Mimi simkatazi. Ken Grossman pia alianza kwa kupika nyumbani, na mwaka 1980 akaanzisha Sierra Nevada kule Chico, California. Kumbe kule kupika kwa furaha kulikuwa pia shule ya biashara. Ninamwomba tu, mbele ya kulipa ule mzigo, apite kwanza ku soko penye kuuzwa mizizi.

Mimi nilipita juma lililopita. Nilimwuliza ule mama, sasa mzee, anatia mizizi ngapi kwa bidoni moja. Akafungua kiganja, akakifunga. Nimeandika: ngumi moja, ya mkono wake. Siku ya Posho ninarudi na mizani.