Vitabu vya Vita vya 1914–1918: Nani Alibeba Mzigo?

Makada wengi hutuuliza ni vitabu gani vya historia ya vita vinavyofaa kukusanywa katika maktaba za matawi na vyuo. Swali ni zuri, lakini jibu tulilozoea kulitoa lilikuwa na kasoro, na hapa hatuna budi kujikosoa. Kwa miaka mingi, kila tulipoulizwa juu ya vita ambavyo mabeberu walipigana katika ardhi yetu kati ya 1914 na 1918, tulitaja kwanza kumbukumbu za kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, zilizochapishwa 1920. Matokeo tumeyaona darasani. Wanafunzi wanayaeleza vizuri mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 na yale ya Mahiwa ya Oktoba 1917, kisha wanamtaja mkoloni huyo kuwa bingwa wa vita vya msituni, wakimweka safu moja na viongozi wa ukombozi wa Afrika.

Kosa hilo si dogo. Linatenganisha mbinu na siasa. Jeshi dogo kulikwepa jeshi kubwa si vita vya ukombozi. Hata jambazi hukwepa. Tuchukue mfano wa mto Ruvuma. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck aliuvuka, akawashambulia Wareno huko Ngomano na kuteka silaha zao. Kuanzia 1964 wapiganaji wa FRELIMO nao waliuvuka mto huo huo. Wakulima walibeba mizigo katika safari zote mbili, na hatuna sababu ya kulificha hilo. Lakini FRELIMO ilihitaji ridhaa ya wakulima ili iishi, kwa hiyo ililazimika kufundisha, kueleza na kujenga utawala wa umma katika maeneo yaliyokombolewa. Lettow-Vorbeck alihitaji migongo yao na nafaka yao tu.

Wala huu si uzushi wetu. Ludwig Deppe, daktari aliyefuatana na jeshi hilo, alikiri katika kitabu chake cha 1919 kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa. Waingereza nao hawakuwa bora. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo, na ukame ulipoingia ikafuata njaa ya Mtunya. Tena, huyo anayesifiwa alikuwa katika jeshi la von Trotha wakati Waherero walipoangamizwa kule Namibia ya leo, na mwaka 1920 alishiriki katika jaribio la Kapp la kuipindua jamhuri ya Ujerumani. Msimamo wake wa kitabaka haukubadilika alipoingia porini.

Basi, kitabu chake kitupwe? La. Kisomwe kama ushahidi wa adui, na msomaji ahesabu ni mara ngapi mpagazi anatajwa kwa jina.

Historia rasmi ya Waingereza iliyoandikwa na Charles Hordern na kutolewa 1941 ina ramani nzuri sana, na mkufunzi wa mambo ya ulinzi atafaidika nayo. Lakini inakomea Septemba 1916, na juzuu ya pili haikuchapishwa kamwe. Yaani inanyamaza kabla ya 1917, mwaka ambao wapagazi waliteketea kwa wingi. Battle for the Bundu cha Charles Miller, cha 1974, kinasomeka kwa raha mno. Hiyo ndiyo hatari yake, maana mateso ya Waafrika yanageuka mandhari ya visa vya maofisa.

Kitabu tunachokipendekeza kwa moyo wote ni The Carrier Corps cha Geoffrey Hodges, cha 1986. Hapa mzigo ndio mada. Waingereza waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja, na waliokufa wanakadiriwa kufikia karibu 100,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na chakula kibaya kuliko kwa risasi. Kila siku watu wetu hutamka jina la Kariakoo bila kukumbuka kwamba linatokana na kikosi hicho. Tip and Run cha Edward Paice, cha 2007, kinaunganisha kampeni yote, na Violent Intermediaries cha Michelle Moyd, cha 2014, kinamchambua askari wa Wajerumani kama mtu mwenye maslahi yake ndani ya dola ya kikoloni. Makada watakaofundisha juu ya tabaka la vibaraka wasikikose.

Lakini vyote hivyo ni vya Kiingereza au Kijerumani. Vita vya Kagera vilipokwisha 1979, haukupita muda mrefu kabla umma haujapata Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, kwa Kiswahili. Mjukuu wa mpagazi hana usawa huo. Kukusanya vitabu vinavyofungiwa kabatini kwa sababu wanachama hawawezi kuvisoma ni mapambo tu. Wakufunzi wenye lugha hizo wagawane sura, wazifupishe kwa Kiswahili, nakala zipelekwe matawini. Tawi lenye fedha za kitabu kimoja tu linunue cha Hodges. Cha Lettow-Vorbeck kinaweza kusubiri.