Mkimbizi Anapokuwa Mwalimu: Tahakiki ya Repeat after Me II

Sisi tunaosoma Kiswahili nchini Uganda, ambao wengi wetu hatukukipata kwa mama, tunaijua vizuri kauli ya mwalimu anayeanza somo la matamshi: rudieni baada yangu. Mwalimu hutamka, darasa hufuatisha. Anayerudia si lazima awe ameelewa. Kauli hiyo ndiyo jina la kazi ya sanaa ninayoihakiki katika makala haya, Repeat after Me II, iliyoonyeshwa katika banda la Poland kwenye Bienale ya 60 ya Venice, Italia, kuanzia tarehe 20 Aprili hadi 24 Novemba 2024. Walioitunga ni Open Group, kikundi cha wasanii watatu wa Ukraine: Yuriy Biley, Pavlo Kovach na Anton Varga. Walimu ndani ya kazi hii ni wakimbizi na wanafunzi ni wageni wa maonyesho. Kinachofundishwa ni milio ya silaha.

Sikufika Venice. Nimeifahamu kazi hii kwa video, picha na maelezo ya waandaaji, na sehemu kubwa niliitazama kwenye simu. Msomaji alijue hilo mapema, kwa sababu kazi yenyewe inamtaka mtazamaji atumie kinywa chake mbele ya watu, na tofauti hiyo si ndogo. Katika hosteli usiku huwezi kuiga kombora bila jirani kugonga ukuta.

Muundo wake ni rahisi. Mtu anasimama mbele ya kamera, anajitambulisha, kisha anaiga kwa kinywa mlio wa silaha aliyoisikia: bunduki, mzinga, kombora, ndege ya kivita. Halafu anasema, rudia baada yangu. Hapo yeye ananyamaza, na kwenye kiwambo mlio ule unaonekana kwa maandishi, kama maneno ya wimbo yanavyopita katika karaoke, pamoja na maelezo ya silaha inayohusika. Ukumbini vimewekwa vipaza sauti vinavyomngojea mgeni. Video ni mbili. Ya kwanza ilirekodiwa mwaka 2022 katika kambi ya watu waliohamishwa makwao, karibu na mji wa Lviv, magharibi ya Ukraine. Ya pili ilirekodiwa mwaka 2024 pamoja na Waukraine waliokwisha kuvuka mpaka na kuishi katika nchi za watu.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atasema mara moja kwamba hizi ni tanakali za sauti. Nami nilianza hivyo, lakini istilahi hiyo inahitaji kusukumwa kidogo. Katika Kiswahili tanakali ni mali ya jamii. Kitu kikianguka majini ni chubwi, kikianguka mchangani ni tifu, mlango hufungwa ndi, mtu aliyechoka hulala fofofo. Hakuna aliyepima kama kweli maji husema chubwi. Wazungumzaji wamekubaliana tangu zamani, na mgeni wa lugha hukariri. Wakimbizi wa Open Group hawana makubaliano ya namna hiyo. Kila mmoja anatafuta kombora lake kwa ulimi, meno na koo, mbele ya macho yetu, na waigaji wawili wa silaha moja hawatoi sauti moja. Ninachokiona hapa ni tanakali ikiwa bado mbichi, kabla jamii haijaipitisha. Sijui kazi nyingine iliyonionyesha hatua hiyo ya lugha kwa uwazi kiasi hiki.

Tena uigaji huu haukuanza kama sanaa. Katika vita, anayeweza kutofautisha mlio wa silaha inayofyatuliwa karibu naye na wa ile inayomjia, anajua kama alale chini, akimbilie chini ya jengo au aendelee na safari yake. Maarifa haya raia wa Ukraine walijifunza kwa haraka baada ya tarehe 24 Februari 2022, watoto kwa wazee, na hakuna aliyeyaomba. Wazee wetu hapa wanalielewa jambo hili bila kuelezwa. Kwa muda mrefu Kiswahili nchini Uganda kilikuwa lugha ya jeshi, na katika miaka ya utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, raia wengi walikisikia kutoka kwa mwenye bunduki. Maneno kama simama na kaa chini yalijulikana mapema kuliko ngeli za nomino. Wapo hadi leo wanaoikwepa lugha yetu kwa sababu hiyo, na mhadhiri anayeshangaa kwa nini darasa la Kiswahili linajaa kwa shida angeanza kutafuta jibu hapo.

Suala la matamshi limejitokeza pia katika kazi nyingine mashuhuri ya vita hii. Mwaka 2022 Zhanna Kadyrova aliondoka Kyiv akakimbilia mkoa wa Zakarpattia. Huko alichukua mawe ya mtoni yaliyolainishwa na maji, akayakata slesi kama mikate, na kuiita kazi hiyo Palianytsia. Neno hilo ni jina la mkate wa duara wa ngano, na Waukraine walilitumia kumtambua Mrusi, kwa kuwa ulimi wa Mrusi hujikwaa ndani yake. Msomaji wa Biblia atakumbuka Shibolethi katika Waamuzi 12. Kwa Kadyrova matamshi ni lango lililofungwa: anayekosea abaki nje. Open Group wanafanya kinyume chake. Kila mgeni anakaribishwa apite, anapewa hata maandishi ya kumsaidia, na bado hapiti. Anaweza kutoa sauti ile kwa ufasaha kumshinda mwalimu wake, ilhali hajawahi kuisikia. Nadhani hapo ndipo uzito wa kazi hii ulipo. Inampa mwenyeji kila kitu isipokuwa kile alichodhani anakipata.

Kwa sababu hiyo siafikiani na maoni kwamba video ya 2022 ndiyo yenye nguvu, ati kwa kuwa ilirekodiwa karibu zaidi na vita. Mtu aliye Lviv anaiga mlio ambao huenda akausikia tena jioni ileile. Aliye nje ya nchi anaishi mahali ambapo usiku husikika magari na mbwa tu. Hakuna kinachomkumbusha kombora, na bado linatoka kinywani mwake likiwa zima. Watu hawa walivuka mpaka na begi moja, wengine na paka. Milio hii haikuhitaji nafasi katika begi, na hakuna ofisi ya forodha iliyoiuliza. Video ya 2024 ndiyo iliyonifanya nielewe kwamba kuhama hakukati kumbukumbu ya sikio.

Sasa turudi kwa hadhira. Katika utambaji wa hadithi fanani huanza kwa kuomba ridhaa. Yeye husema paukwa, sisi husema pakawa, na asiyetaka hadithi hukaa kimya. Kipaza sauti cha Venice kinaomba ridhaa hiyohiyo, ila kwa namna inayomtia mtu aibu. Mgeni ana njia tatu: kurudia, kunyamaza au kucheka. Akirudia, anaonekana anaichezea vita. Akinyamaza, anaonekana amemkatalia mkimbizi ombi dogo. Akicheka, basi. Wapo watakaosema kwamba karaoke ni mzaha usiofaa kwa jambo kama hili, kwamba watu wamelipa tiketi, wakapiga kelele kidogo, wakaenda kunywa kahawa. Hoja hiyo ina ukweli, na sitaki kuipita juu juu. Lakini fikiria mtindo uliozoeleka: picha ya mwanamke anayelia, kando yake maelezo yenye jina na umri, na mtazamaji anayeondoka akijisikia mwema. Mtindo huo haumpi mtazamaji nafasi ya kuaibika. Karaoke inampa, na inampa mbele ya wageni wengine wenye nguo nzuri.

Hapa inafaa kuitaja kazi nyingine iliyokuwa Venice msimu huohuo, katika banda la Ukraine lenyewe. Andrii Dostliev na Lia Dostlieva, wasanii wa Ukraine wanaoishi Poland, walionyesha Comfort Work, ambamo waigizaji wa nchi za Ulaya wanaigiza mkimbizi anayefaa, yaani kama wenyeji wanavyomtarajia awe: mwenye shukrani, mwenye huzuni ya kiasi. Ni kejeli kali, na aliyewahi kusikia mtu akilalamika kwamba mkimbizi fulani ana simu nzuri mno ataielewa papo hapo. Wenzetu wa darasani waliotoka Kongo, Burundi na Sudan Kusini wanaujua mtihani huo. Nchi yetu ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na sisi wenyeji pia tuna namna yetu ya kuomba tusimuliwe. Hata hivyo Comfort Work inabaki kinywani mwa mwenyeji. Yeye ndiye anayesema, yeye ndiye anayechekwa, na mkimbizi mwenyewe hayupo. Open Group wamechukua njia ngumu zaidi: wamemweka mkimbizi mbele na wakakataa kumwomba hadithi. Hatuambiwi nani alikufa. Hatuambiwi nyumba ilikuwaje. Tunapewa zoezi.

Ni vigumu kuitenga kazi hii na nyumba iliyoipokea. Kila nchi yenye banda Venice huchagua itakachoonyesha, na Poland ilikwisha kuchagua mradi wa mchoraji Ignacy Czwartos. Serikali mpya ilipoingia Desemba 2023, uchaguzi huo ulifutwa na nafasi ikapewa mradi uliokuwa umewekwa kama akiba, huu wa Open Group ulioandaliwa na msimamizi wa maonyesho Marta Czyż. Kwa maneno mengine, mgeni alikaribishwa sebuleni baada ya wenye nyumba kugombana. Hilo halipunguzi thamani ya kazi, ila linapunguza haki ya wanaoitaja kama kielelezo cha ukarimu tu. Bienale nzima mwaka huo ilikuwa na kauli ya Wageni Kila Mahali, na kauli za namna hiyo huwafurahisha zaidi wasio wageni.

Wakati nao una maana yake. Umoja wa Ulaya ulifungua ulinzi wa muda kwa Waukraine tarehe 4 Machi 2022, kwa kutumia sheria ya mwaka 2001 ambayo haikuwahi kutumika kabla ya hapo. Kazi hii ilipofunguliwa ulikuwa umeshaingia mwaka wa tatu. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hiyo ya tatu mwenyeji huacha kuuliza habari za safari na huanza kuhesabu unga. Open Group wamekuja na somo katika saa hiyohiyo, wakati huruma ya mwanzo imepungua na picha za machozi hazifanyi kazi tena. Ningependa kuamini walilijua hilo. Kazi inaonekana kulijua, na hiyo inatosha kwa mhakiki.

Udhaifu upo. Ule wa kwanza ni wa maelezo ya silaha. Kwa kuwa maneno ya karaoke yamechukuliwa na zana za vita, mtazamaji anatoka akijua habari za mzinga kuliko za mtu aliyeuiga. Walimu wanajitambulisha, kisha wanamezwa na silaha zao. Yawezekana hiyo ndiyo nia, kwamba vita humfanyia mtu hivyo. Lakini wasanii walikuwa na nafasi ya kupinga, na hawakuitumia. Udhaifu wa pili ni wa wasiokuwapo. Tangu mwanzo wa uvamizi, wanaume wa umri wa miaka 18 hadi 60 walizuiwa kuondoka Ukraine isipokuwa kwa sababu maalumu, na ndiyo maana wengi wa waliovuka ni wanawake na watoto. Video ya 2024 imetengenezwa ndani ya hali hiyo na haina hata alama moja ya kuionyesha. Milio inayoigwa na aliye nje, kuna ndugu, mume au baba anayeendelea kuisikia akiwa ndani. Kiti kitupu kimoja kingesema hayo bila hotuba.

Udhaifu wa tatu ndio unaonisumbua zaidi, na unahusu muda. Baada ya kila mwalimu kusema rudia baada yangu, hufuata nafasi fupi ya mgeni kujibu, kisha anakuja mwalimu mwingine na silaha nyingine. Huo ni mwendo wa karaoke, ambayo haivumilii ukimya na huenda na muziki hata mwimbaji akichelewa. Mwalimu wa matamshi hafanyi hivyo. Darasa likinyamaza, hutamka tena, polepole, halafu husubiri mpaka yule wa kiti cha nyuma naye afungue kinywa. Wasanii walikuwa na mitindo miwili mikononi mwao, wa karaoke na wa darasa, na katika jambo hili la muda wameufuata ule usiosubiri.