Sikio la Mashine na Pua ya Mpokeaji: Kuyajua Maziwa ya Ngamia Mjini Isiolo

Mtungi wa maziwa ukishushwa Isiolo, uwe umetoka Kulamawe au Burat, kinachonuswa kwanza ni kifuniko. Mpokeaji mzoefu hukifungua, hukileta puani, na mara nyingi huwa ameshajua. Masalia ya jana hujificha kwenye mikunjo ya kifuniko, nayo huchacha mapema kuliko maziwa yaliyomo.

Kwa miaka mingi akina mama, wengi wao Wasomali, wamekusanya maziwa ya ngamia mjini hapa na kuyapakia kwenye mabasi ya kwenda Nairobi, takriban kilomita 280, hadi kwa wanywaji wa mtaa wa Eastleigh. Ushirika wa Anolei ni miongoni mwa vikundi vyao vinavyojulikana zaidi; jina lenyewe limetokana na caano, neno la Kisomali la maziwa. Kwenye joto la Isiolo, safari hiyo haisamehe mtungi mmoja mbovu. Ukimiminwa pamoja na mizuri, yote imekwenda.

Siku hizi baadhi ya vituo vya maziwa nchini Kenya vina msaidizi mpya: kisanduku cha mezani kinachopima maziwa kwa sauti ya ultrasoniki, yaani mitetemo inayozidi 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliipati. Maziwa hunyonywa kwa kimrija, sauti ikapitishwa ndani yake, na baada ya muda mfupi kioo huonyesha mafuta, uzito na maji yaliyoongezwa. Ni kifaa kizuri sana. Lakini anayekitegemea bila kujua kinasikia nini atadanganyika kirahisi kuliko mama mwenye pua yake.

Siri yake ni joto. Maji yakipashwa kutoka baridi, sauti huongeza mwendo ndani yake. Mafuta yakipashwa, sauti hupunguza mwendo. Maziwa ni maji yenye chembe za mafuta na protini zinazoelea, kwa hiyo ukiyapima katika viwango viwili vya joto, tofauti ya majibu hukutenganishia mafuta na vitu vingine. Fitzgerald, Ringo na Winder walichapisha njia ya namna hii huko Marekani mwaka 1961. Viwanda vya kemikali navyo hutumia ujuzi wa ukoo huohuo kufuatilia fuwele, rangi na tope ndani ya mabomba. Mwanga hauvuki rangi nzito, sauti huvuka. Na kwa kuangalia inavyofifia katika mitetemo mbalimbali, fundi hukadiria ukubwa wa chembe bila kuzimua chochote.

Kwa kuyatenganisha mafuta hivyo, kisanduku huishinda laktomita, kile kipimo cha kuelea ndani ya maziwa. Mchuuzi akitia maji, maziwa huwa mepesi na laktomita huzama. Akiengua mafuta, huwa mazito nayo hupanda. Akifanya yote mawili kwa kipimo, laktomita husimama palepale pa maziwa halali, na mnunuzi hulipa. Kipimo cha sauti huona mafuta yamepungua.

Sasa mtazame anayepima, maana ubora wa jibu umo mikononi mwake. Maziwa ya ngamia yakimiminwa huumuka povu jeupe, zuri la kupendeza macho, lakini kwa mashine povu ni sumu. Kiputo kimoja cha hewa huitawanya sauti kuliko chembe nyingi za mafuta. Mpimaji anayejua kazi huuinamisha mtungi na kuugeuza polepole ili mafuta yachanganyike, halafu humimina sampuli ikifuata ukuta wa kikombe na kuiacha itulie. Ukimwona mtu akitikisa chupa kwa nguvu kisha anabonyeza kitufe papo hapo, namba zitakazotoka usizilipie.

Mtazame tena anapomaliza. Mrija usiposafishwa kwa maji ya uvuguvugu na dawa yake, utando wa maziwa hushika ndani, na sampuli ya kesho hupimwa pamoja na mabaki ya leo.

Kuna kosa kubwa zaidi, nalo halionekani kwa macho. Chembe za mafuta za maziwa ya ngamia kwa kawaida ni ndogo kuliko za ng'ombe, na hazina haraka ya kupanda juu kuwa malai. Protini zake pia zimepangika kivyake. Mashine iliyosetiwa kwa maziwa ya ng'ombe ikipewa ya ngamia itatoa namba zilizonyooka na zisizo za kweli. Kosa la namna hii huonekana pia kwenye kipimo cha spiriti: maziwa ya ngamia yanaweza kuganda ndani yake hata yakiwa mazima kabisa, na mwenye kuyahukumu kwa sheria ya ng'ombe humwaga mali ya watu. Kuyachemsha kidogo na kuona kama yanakatika ni hukumu ya haki zaidi.

Na kuna yale ambayo sauti haiyasikii hata kidogo. Haihesabu bakteria. Haijui kama ngamia ana ugonjwa wa brusela, ndiyo maana kuchemsha hakuepukiki. Wala haionji moshi. Vyombo vya maziwa hapa hufukizwa kwa vijinga vya miti kama mzeituni mwitu, na moshi huo hupunguza vijidudu na kuacha harufu ambayo wateja huitafuta. Ufukizaji mzuri hubaki nyuma ya ulimi kwa upole. Uliopitiliza huchoma koo, na mara nyingine hutumiwa kufunika uchachu. Chuja kikombe kimoja kwa kitambaa cheupe: punje mbili tatu za mkaa ni kawaida, weusi uliotapakaa ni chombo kisichosuuzwa. Chumvi kidogo ulimini isikutishe, huenda ikawa ni malisho na maji aliyokunywa ngamia.

Kwa hiyo pua itangulie, kitambaa kifuate, kisha mashine. Na ukikabidhiwa karatasi ya vipimo, kabla hujafungua pochi muulize mpimaji: mashine hii ilisetiwa kwa maziwa ya mnyama gani, na lini?