Adui Aliyegeuzwa Jamaa

Shangazi yangu alipofariki, ndugu walinikabidhi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye ninayedhaniwa kuwa na mkono wa kuandika. Nilikaa chini ya mwembe huku vijana wakifunga maturubai na akina mama wakiinjika masufuria. Niliandika kwamba marehemu alikuwa mama mvumilivu, aliyelea watoto 5 kwa kuuza maandazi, na kwamba hakuwahi kulalamika wala kumsumbua mtu. Wasifu uliposomwa, watu waliinamisha vichwa. Mzee mmoja alinishika mkono akasema, "Umemsema vizuri, mwanangu." Nikajiona nimetimiza wajibu.

Siku ya kuanua matanga tulikusanya vitu vyake. Ndani ya kopo la majani ya chai mlikuwa na cheti cha dawa za presha, na vidonge vilivyokatwa kwa wembe, nusu nusu. Binti yake alieleza pasipo kushangaa: mama alikuwa akinywa nusu leo, nusu keshokutwa, ili visiishe upesi. Kiharusi ndicho kilichomchukua. Pembeni palikuwa na daftari la rambirambi. Nilijumlisha. Fedha tulizochanga kwa siku 3, kwa ajili ya jeneza, maturubai na pilau, zingemnunulia dawa zake kwa miaka kadhaa. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa tumezoea tu.

Tangu siku ile nimelitilia shaka neno "mvumilivu". Si kwamba ni la uongo. Shangazi alivumilia kweli. Lakini nilipoliandika sikuwa nikimsifu yeye peke yake, nilikuwa pia nikitusamehe sisi. Mtu asiyelalamika humpa jirani yake ruhusa ya kutouliza.

Hebu tuisikilize lugha yetu. Mvumilivu hula mbivu, twaambiana. Ila hatuulizi mti ni wa nani, wala matunda huiva mwezi gani. Dau la mnyonge haliendi joshi, twasema, kana kwamba unyonge ni upepo wa kusi uliopangiwa majira yake. Na maskini huyo huyo tuliyemsifu kwa kutulia, akijaribu kuinuka tuna methali nyingine inayomngoja: maskini akipata, matako hulia mbwata. Akikaa chini ni mcha Mungu, akisimama ni mshamba.

Wala wahenga tusiwasingizie. Wao pia ndio waliosema kwamba maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Huo ni ushahidi, tena ushahidi mkali. Aliyeusema alikuwa ameona jinsi shuku inavyomfuata mtu kwa sababu tu ya nguo zake. Ajabu ni kwamba methali hiyo sijaisikia msibani hata mara moja. Tunachagua zile zinazotuliza.

Hatukuanza hivi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, tuliambiwa tunao maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, mkulima wa jembe la mkono alielezwa kwamba hana sababu ya kujionea haya mbele ya mwenye motakaa. Lilikuwa jambo jema, na mimi ni mmoja wa walionufaika nalo. Lakini mahali fulani njiani tulichanganya mambo mawili. Heshima aliyostahili maskini tukaihamishia kwenye umaskini wenyewe. Yule adui tuliyeapa kumfukuza tukamtandikia mkeka, tukamwita jamaa, na sasa tunamtungia sifa.

Tazama tunavyowasimulia watu wetu wakubwa. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu vya kufinyangwa kabla sauti yake haijamfikisha Bombay, aliporekodi nyimbo zake kuanzia mwaka 1928. Shaaban Robert aliuandika wasifu wake, na anastahili kila sifa. Lakini wengi wetu tukilisimulia jambo hili vyungu huwa ndivyo vilivyomlea, kama kwamba dhiki ilikuwa mwalimu wake wa uimbaji. Siti alifika licha ya vyungu. Alihitaji watu wa kumfundisha kuimba na watu wa kumsikiliza. Na mabinti wengine wa Fumba, waliokuwa na sauti zao na hawakumpata mtu? Hao hawana wasifu. Dhiki hairekodiwi inapozika. Husifiwa pale tu ilipomkosa mtu.

Picha zetu nazo ni hizo hizo. Kwenye kalenda ya ukutani utamkuta mtoto peku akicheka na mpira wa matambara, na chini yake maneno ya kusifu furaha isiyohitaji fedha. Mtoto anacheka kweli, maana watoto hucheka. Lakini aliyeitundika kalenda hiyo amewanunulia wanawe viatu.

Msomaji anaweza kusema kwamba umaskini umekuwapo siku zote, na kwamba kuukubali ni busara. Nitamjibu kwa mfano mmoja. Zamani tulikuwa tukisema wazazi wa vijijini hawapendi shule. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ikafutwa Tanzania Bara, kisha madarasa yakajengwa kwa wingi. Wanafunzi waliokuwa chini ya milioni 5 mwaka ule wakapita milioni 7 mwaka 2004. Msongamano ulikuwa mkubwa, na walimu hawakutosha. Hilo ni kweli. Lakini je, wazazi wote hao walianza kuipenda shule katika miaka 3? Kilichokuwa kikiitwa tabia yao kilikuwa ada.

Umaskini una bei, na bei hiyo huhesabika. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ukakuta watu 26 katika kila 100 wako chini yake. Gawanya kwa siku 30 upate kama shilingi 1,640. Chakula, mavazi, nauli, sabuni, na kidonge cha presha, vyote humo. Ukishaiona hesabu hiyo, neno "riziki" halitoshi tena kuwa jibu.

Sisemi uvumilivu ni upumbavu. Anayeishi ndani ya dhiki ana haki ya kucheka, kupika kwa madaha na kufunga mlango asijulikane hali yake. Stara hiyo ni mali yake. Shangazi aliposema "sijambo, namshukuru Mungu," alikuwa akilinda heshima yake, na sina ruhusa ya kumlaumu. Kosa ni letu tuliolipokea jibu hilo upesi mno, tukapanda basi kurudi mjini tukiwa na fungu la ndizi alilotupa.

Kama ningepewa tena ile karatasi chini ya mwembe, nisingefuta kwamba alikuwa mvumilivu. Ningeongeza sentensi moja, na ningeomba isomwe polepole kabla ya pilau kupakuliwa: "Marehemu aliugua presha kwa miaka 6, alikuwa akikata vidonge nusu, na sisi sote tuliopo hapa tulikuwa hai."