Kigriki cha Evanjili na kitabu cha Padri Zerwick

Padri Max Zerwick, Myezuiti, alikuwa mwalimu katika Chuo cha Biblia cha Roma. Mwaka 1953 alitoa kitabu chake kiitwacho Analysis philologica Novi Testamenti graeci. Kinafuata Agano Jipya aya kwa aya, na kwa maneno magumu kinaonyesha shina, wakati na maana kwa Kilatini. Baadaye Mary Grosvenor alikitengeneza kwa Kiingereza. Ni msaada mkubwa, hatukatai. Lakini frateri anayekifungua kabla ya kujikaza mwenyewe atamaliza miaka yake ya teolojia bila kujua kitenzi kimoja.

Shida nyingine haitoki kwa Padri Zerwick. Inatoka katika desturi ya kupitisha Kigriki chote katika Kilatini au Kifransa, ndipo kifike kwa Kiswahili kimekwisha kuchoka. Tazameni salamu ya malaika, Luka 1,28. Neno lenyewe ni kecharitômenê: kitenzi cha kutendwa, cha jambo lililotimia na ambalo lingali. Kilatini cha zamani kiliandika gratia plena, na sala zetu zikafuata: umejaa neema. Maneno mazuri, lakini hayaonyeshi aliyetoa. Kiswahili kina -me- na kina -w-: umejaliwa neema. Mungu amemjalia, na neema anayo hata sasa. Katekista yeyote wa kijijini anasikia tofauti ya kujaa na kujaliwa, hata asipojua herufi moja ya Kigriki. Je, sisi wenye kufundishwa herufi tunamwambia?

Tena, Luka 22,15, mezani pa Paska, Yesu anasema epithumia epethumêsa. Mfransa hutafuta njia ya kuzunguka. Kwetu ni wazi: kutamani nimetamani. Nyuma ya Kigriki hicho kuna desturi ya Kiebrania, ileile ya Mwanzo 2,17: kufa utakufa. Nani kati yetu hakumsikia mama yake akisema hivyo?

Juu ya Kiebrania chenyewe, Zerwick hasaidii sana, kwa sababu Agano la Kale halimo. Sarufi ya Padri Joüon, ya mwaka 1923, ni nene na inatisha wanaoanza. Basi mwalimu aanzie namba 123, mahali pa kitenzi kinachorudiwa, na mafrateri walete mifano ya lugha za kwao.