Baada ya Degedege: Fani ya Maelezo ya Mtoto Asiyeongea

"Alizaliwa mzima, akashikwa na degedege, akawa hivi." Ukipita Kashai mjini Bukoba, au Kamachumu na Nshamba huko Muleba, habari za mtoto asiyeongea zinaweza kukufikia kwa umbo hilohilo: vitenzi vitatu, koma mbili, basi. Aliyemlea mtoto ameyarudia maneno hayo kwa majirani, kwa mchungaji na kwa mwalimu mpaka yamelainika. Akifika hospitali atayasema tena, na anayeandika faili atayafupisha zaidi.

Wahakiki tumezoea kutafuta fani kwenye riwaya, tamthiliya na ushairi. Maelezo ya mgonjwa tumeyaacha mikononi mwa madaktari kana kwamba hayana fani. Wakati yanayo: yana msimulizi, yana mpangilio wa matukio, yana yanayotajwa na yanayoachwa. Nataka kuyasoma hapa kama tunavyosoma kazi ya sanaa, kwa sababu naamini kwamba usonji na ulemavu wa akili huchanganywa na umbo la maelezo hata kabla daktari hajatamka lolote. Maelezo yanayoorodhesha tu yale ambayo mtoto hawezi huyafanya mambo haya mawili kuwa kitu kimoja. Maelezo yanayodai jibu moja huyatenga kana kwamba hayawezi kukaa ndani ya mtoto mmoja.

Maudhui yenyewe si magumu. Usonji ni tofauti ya ukuaji inayogusa mawasiliano na mahusiano na watu, ikiambatana na vitendo vya kujirudia, mapenzi makali kwa vitu vichache, au hisi zinazoumizwa na sauti na miguso ambayo wengine hawaijali. Ulemavu wa akili ni ugumu wa kujifunza, kufikiri na kujimudu katika maisha ya kila siku, unaoanza utotoni. Mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine, na anaweza kuwa na vyote viwili. Katika ufuatiliaji wa watoto wa miaka 8 uliofanywa Marekani mwaka 2020, kati ya wenye usonji ambao vipimo vyao vya akili vilipatikana, takriban 38 katika kila 100 walikuwa pia na ulemavu wa akili. Wengi, basi, hawakuwa nao. Lakini waliokuwa nao si wachache hata kidogo.

Tuanze na kiambishi -ka-. Katika usimulizi wa Kiswahili kazi yake ni kupanga matukio: hili likafuata lile. Hakisemi kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili. Msikilizaji, hata hivyo, hasubiri kuambiwa. Akisikia "akashikwa na degedege, akawa hivi", ameshapata mkosaji. Sasa iweke sentensi hiyo Muleba, wilaya iliyokumbwa na mlipuko mkali wa malaria mwaka 2006, kisha nyumba zake zikaanza kupuliziwa dawa ukoko mwaka uliofuata. Mahali ambapo malaria imepita karibu kila kitanda, kishazi cha degedege kinaweza kuchomekwa katika maisha ya mtoto yeyote na kikakaa sawasawa.

Linganisha na maandishi ya kitabibu yaliyosimulia jambo hilohilo. Mwaka 2006 Mankoski na wenzake walichapisha taarifa ya watoto 20 wa Tanzania, ambao 14 kati yao walitimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua kama kawaida hadi miezi 22, 35 na 42, wakaugua malaria kali yenye homa ndefu na degedege, na dalili za usonji zikaonekana walipopona. Katika wanne wengine ugonjwa na dalili vilikaribiana, lakini waandishi walisita: dalili zilianza kabla ya miezi 24, umri ambao usonji huanza kujitokeza hata bila homa yoyote, na malaria ni ya kawaida nchini, kwa hiyo kukutana huko kungeweza kuwa bahati tu. Mfuatano wa matukio ni uleule wa sentensi tuliyoanza nayo. Kinachobadilika ni fani. Hapa kuna umri kwa miezi, kuna hali ya mtoto kabla ya homa, na kuna mpaka kati ya "baada ya" na "kwa sababu ya".

Kishazi cha mwisho, "akawa hivi", kina tatizo lake. Malaria ya kichwani inaweza kumwachia mtoto kifafa, ulemavu wa akili, upungufu wa kusikia au kupotea kwa maneno. Neno "hivi" linayameza yote hayo. Ni kionyeshi kinachohitaji kidole cha kuonyesha, na kwenye faili kidole hakipo.

Hospitali na watafiti wana umbo lao la kuziba pengo hilo, nalo ni dodoso. Lililosambaa sana katika nchi zenye madaktari wachache ni la Maswali Kumi, la watoto wa miaka 2 hadi 9, lililojaribiwa Bangladesh, Jamaica na Pakistan na baadaye likatumika Kilifi, Kenya. Ni fupi, hujibiwa na mlezi, na lilikusudiwa kuchuja watoto wa kuchunguzwa zaidi, wala si kutoa hukumu. Tulisome hata hivyo kama andiko. Linaanza na kuchelewa kukaa, kusimama na kutembea, kisha macho, masikio, kuelewa anachoambiwa, viungo, degedege, kujifunza kama wenzake, kuongea na usafi wa matamshi. Swali la kumi linauliza kama mtoto anaonekana mzito wa akili kuliko wa rika lake.

Mpangilio huo una mwelekeo wa hadithi. Mlezi aliyejibu kwamba mtoto haelewi, hajifunzi na haongei anafika swali la kumi akiwa ameshaandaliwa jibu. Tisa yaliyotangulia yamekuwa ushahidi, la kumi limekuwa hukumu. Tena kuna kiitikio kinachojirudia chini kwa chini: kuliko watoto wengine. Na kuna ukimya. Hakuna swali linalouliza kama mtoto hunyoosha kidole kuonyesha ndege, kama huleta kitu ili mtu mwingine akione, kama hurudia tendo lilelile asubuhi nzima. Mtoto mwenye usonji ataingia humo kupitia kuelewa, kujifunza, kuongea na uzito wa akili, na njia zote nne zinaishia kwenye ulemavu wa akili.

Tubuni mtoto ili tulione hilo kwa karibu. Ni Novemba huko Muleba, msimu wa senene. Bibi yuko barazani anachambua, mabawa huku, miguu huku. Mjukuu wake wa miaka 6, asiyeongea, amechuchumaa kando na anatenga senene wa kijani na wa kahawia katika mistari miwili. Hakuna aliyemfundisha. Ukivuruga mstari mmoja anapiga yowe, kisha anaupanga upya. Ukimwita jina hageuki. Karai la kukaangia likigonga jiko ndani, anageuka mara moja. Wiki inayofuata wako kliniki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mtoto anaongea?"

"Haongei."

"Ukimtuma anaelewa?"

"Kuna siku anaelewa."

Jibu hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, nalo ndilo lisilo na mahali pa kuandikwa. Fomu inataka ndiyo au hapana. "Kuna siku" inakuwa hapana, na senene hawatajwi kabisa kwa sababu hakuna aliyeuliza mtoto hufanya nini akiachwa peke yake. Kumbe bibi amekuja na dalili tatu zinazostahili kufuatiliwa: kutogeuka akiitwa ilhali masikio yanasikia, kupanga vitu na kukasirika mpango ukivurugwa, na uelewa unaobadilika siku hadi siku. Tusijidanganye, ile mistari miwili haithibitishi kwamba mtoto hana ulemavu wa akili. Inathibitisha tu kwamba maelezo yaliyoandikwa hayatoshi kutuambia.

Andiko lililoanzisha mjadala mzima wa usonji lilijengwa kwa fani ya kinyume. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Baltimore, alichapisha makala kuhusu watoto 11. Wa kwanza, Donald, alimwona Oktoba 1938 akiwa na miaka 5, na kabla ya hapo baba yake, mwanasheria wa Mississippi, alikuwa amempelekea Kanner maelezo ya kurasa 33 yaliyopigwa taipu. Kinachobeba simulizi hilo ni vitenzi vya kutenda: mtoto anazungusha vitu sakafuni, anakariri, anapanga, anakataa mabadiliko. Baadhi ya watoto hao walikuwa wameshahesabiwa kuwa punguani au viziwi. Ilikuwa ni wingi wa matendo yaliyoandikwa uliomwezesha Kanner kuona kwamba hapa kuna jambo lingine.

Fani hiyo nayo ilikuwa na upofu wake. Kwa kuvutiwa na kumbukumbu za watoto hao, Kanner aliamini kwamba walikuwa na akili nzuri, akauweka usonji mbali na ulemavu wa akili kuliko ushahidi wa baadaye ulivyoruhusu. Na msimulizi wake hakuwa mzazi yeyote tu. Alikuwa msomi mwenye nafasi ya kukaa mezani na kuandika kurasa 33. Bibi wa Muleba anazo kurasa hizo mdomoni, ila benchi limejaa, na yeye anapewa dakika chache na visanduku vya ndiyo na hapana. Tofauti kati ya Donald na mjukuu wa bibi huyu imeanza kwa msimulizi kabla haijafika kwa mtoto.

Vitabu vya sasa vya uainishaji wa magonjwa vimejaribu kurekebisha umbo. Katika toleo la 11 la Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika Januari 2022, usonji haukupangwa kwenye mstari mmoja wa "mdogo" na "mkubwa". Kila mtu huelezwa mara mbili: pamoja na ulemavu wa akili au bila huo, na lugha anaitumia kwa kiwango gani. Asiyeongea, kwa hiyo, hahesabiwi moja kwa moja kuwa na ulemavu wa akili. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 una kanuni nyingine inayostahili kusomwa kwa makini: ili vyote viwili viandikwe kwa mtoto mmoja, mawasiliano yake na watu yawe chini ya kile kinachotarajiwa kwa kiwango chake cha ukuaji kwa jumla.

Hapo kipimo kimebadilika. Maswali Kumi yanamlinganisha mtoto na wa rika lake. Kanuni hii inamlinganisha na yeye mwenyewe. Mtoto wa miaka 8 anayejifunza na kujimudu kama wa miaka 3 ana dalili za ulemavu wa akili. Lakini mtoto wa miaka 3 kwa kawaida huonyesha kidole, huleta mdudu ili mama amwone, huigiza kupika ugali wa matope. Ikiwa huyu wa miaka 8 anafanya hayo yote, pengine usonji haupo. Ikiwa hafanyi hata moja, ulemavu wa akili peke yake hauelezi hali yake, na usonji utafutwe.

Hata kipimo cha akili kina fani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, Michelle Dawson na wenzake waliwapima watoto 38 wenye usonji kwa njia mbili: jaribio la Wechsler, ambalo sehemu yake kubwa hupitia maneno, na jaribio la Raven la kukamilisha michoro. Ukiwapanga watu 100 kwa alama, watoto hao walisimama kwa wastani nafasi 30 hivi juu zaidi kwenye Raven. Watoto ni walewale. Lililobadilika ni umbo la swali.

Tukienda shuleni, kosa linageuka upande wa pili. Takwimu za elimu nchini zina safu ya ulemavu wa akili na safu ya usonji. Kutenganisha huko ni hatua njema, kwa sababu kunakiri kwamba si kitu kimoja. Ila mwalimu mkuu anayejaza jedwali husukumwa kuchagua safu moja kwa kila mtoto, na mtoto mwenye vyote viwili anapoteza nusu ya maelezo yake. Akiandikwa ulemavu wa akili tu, hakuna atakayefikiria kwamba kelele za kengele zinamuumiza. Akiandikwa usonji tu, huenda akatarajiwa vipaji asivyokuwa navyo, na asipunguziwe hatua za somo.

Kagera ina fani yake inayoweza kutufundisha. Katika utambaji wa hadithi za Wahaya, hadhira humjibu msimulizi kwa kumtaka aone ili nao waone. Maneno hayo ndiyo Peter Seitel aliyoyafanya jina la mkusanyiko wake wa hadithi hizo, uliochapishwa mwaka 1980. Hiyo ni kanuni ya kifasihi: msimulizi anadaiwa picha, na msikilizaji ana haki ya kuidai. Mlezi akisema "akawa hivi", anayemsikiliza na amdai: akawaje?

Kwa hiyo nawaomba madaktari, manesi na walimu wa Bukoba na Muleba waongeze mistari michache chini ya fomu wanazozijaza. Alikuwa na miezi mingapi alipougua, na kabla ya hapo alifanya nini? Huonyesha kitu kwa kidole, au hukuvuta mkono tu? Akiachwa peke yake hufanya nini? Siku anazoelewa, huelewa nini? Majibu yaandikwe kwa maneno ya mlezi mwenyewe, si kwa alama ya vema. Hayatoshi kutoa jina la hali ya mtoto; hiyo inabaki kazi ya uchunguzi kamili. Lakini faili isiyo na majibu hayo haijamweleza mtoto, na kinachoamuliwa juu yake kwa faili hiyo ni kubahatisha.