Ustadi wa Kutoa na Kurudisha

Panya wa siku tatu hana manyoya bado, na tezi yake ya thaimasi, iliyolala juu ya moyo, haizidi punje ya mchele. Kuitoa na kumwacha panya huyo hai ni kazi ya mkono usiotetemeka. Mikono ya namna hiyo ndiyo iliyotuonyesha jinsi kinga ya mwili inavyozuiwa isimle mwenyewe, nami naisifu kwa moyo wote.

Upasuaji huo ulikuwa ukifanywa Nagoya, Japani, Shimon Sakaguchi alipoanza utafiti wake. Thaimasi ndipo seli T zinapokomaa, kwa hiyo ungetegemea panya asiye nayo awe na kinga dhaifu tu. Lakini waliotolewa tezi siku ya tatu kinga yao iliwageuka, ikashambulia viungo vyao. Sakaguchi akachukua seli T za panya wenzao wenye afya na vinasaba vilevile, akawadunga. Ugonjwa ukazuilika. Kumbe miongoni mwa seli hizo zimo zinazotuliza!

Wakati huo wanasayansi wengi walikuwa wameshaitupa dhana ya seli tulizi. Yeye aliendelea kutoa na kurudisha, kundi moja baada ya jingine, hadi mwaka 1995 alipozitambua kwa alama ya CD25 iliyo juu yake. Uvumilivu huo nauheshimu kuliko werevu.

Marekani kulikuwa na kazi nyingine ya subira. Katika maabara ya Oak Ridge, miaka ya 1940, walizaliwa panya dume wenye ngozi ya magamba na wengu uliovimba, waliokufa baada ya wiki chache. Mary Brunkow na Fred Ramsdell waliisaka hitilafu yao ndani ya kromosomu X, yenye herufi za kijenetiki zipatazo milioni 170. Waliibana hadi zikabaki jeni 20, wakazikagua moja moja. Ilikuwa ya ishirini. Walipowapa panya hao jeni nzima, maradhi hayakutokea. Mwaka 2001 jeni hiyo, FOXP3, ilionekana pia kuwa chanzo cha IPEX, ugonjwa mkali wa watoto wa kiume. Miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba ndiyo inayoziongoza seli za Sakaguchi.

Kinachonistaajabisha zaidi ni namna seli hizo zenyewe zinavyodhibitiwa. CD25 ni sehemu ya kipokezi cha interlukini-2, kichocheo ambacho seli tulizi haziwezi kujitengenezea. Hukipata kutoka kwa seli T zinazoshambulia. Basi kadiri mashambulizi yanavyopamba moto, ndivyo watulizaji wanavyolishwa na kuongezeka. Nao kwa kukinyonya kichocheo hicho huwapunguzia washambuliaji chakula. Pia huziondolea seli zinazotoa taarifa za adui ile ishara ya pili inayoamsha vita.

Madaktari sasa wanajaribu kiwango kidogo cha interlukini-2 kwa wagonjwa ambao kinga yao inawashambulia. Kwenye saratani wanatafuta kinyume chake, maana uvimbe hujizungushia seli tulizi ili usishambuliwe.

Brunkow, Ramsdell na Sakaguchi walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025, miaka 30 baada ya ugunduzi wa CD25. Kwangu mimi, ilichelewa.